Bi Chaki na Ghorofa Tatu za Chini

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofunga kazi zenu kuja kusimama nasi leo, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba radhi, kwa sababu marehemu mwenyewe aliacha maagizo kwamba historia yake isizidi kurasa mbili, na hii niliyoshika ina kurasa tano, kwa hiyo kama kuna siku familia hii imewahi kumkaidi na kusalimika, basi ndiyo leo.

Dada yetu, ambaye wengi wenu hapa mlimjua kwa jina la Bi Chaki, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa baba aliyekuwa fundi wa magari na mama aliyekuwa mshonaji. Uwanja wa gereji ya baba ulikuwa mdogo kuliko kazi aliyokuwa nayo, magari yalibanana humo kama sabuni kwenye katoni, na kila mteja aliyekuja kuchukua gari lake alilikuta limezibwa na mengine matatu. Marehemu alipofika umri wa miaka tisa alianza kukaa kizingitini na viberiti vitupu, kila kiberiti ni gari, akivisogeza huku na huku mpaka apate mpango ambao gari la kutoka kesho halizibwi na la keshokutwa, na haukupita mwezi baba akaacha kabisa kujibu maswali ya wateja, akawa anawaambia, "Muulizeni huyo hapo mlangoni, ndiye meneja wa uwanja, mimi ni fundi tu."

Alianza elimu ya msingi mwezi Januari 1970 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaimaliza Novemba 1976, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, ambako mwalimu wake wa hisabati aliandika kwenye ripoti yake ya mwisho kwamba ni mwanafunzi mwenye bidii, msafi, na mbishi pasipo sababu, maneno ambayo mama aliyasoma kwa sauti mbele yetu wote, akaikunja ile karatasi na kusema kwamba mwalimu amekosea mahali pamoja tu, sababu huwa anayo. Kuanzia Julai 1981 hadi Juni 1983 alisomea upimaji na uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi, wasichana wakiwa wawili darasani, na mwenzake alipoacha masomo yeye akabaki peke yake akibeba ile miguu mitatu ya darubini begani, ikiwa mirefu kumpita.

Tarehe 3 Oktoba 1983 aliajiriwa na halmashauri ya jiji kama msaidizi wa upimaji katika Idara ya Ujenzi, akapewa meza iliyokuwa na miguu mitatu na tofali moja, na kwa miaka kumi ya mwanzo kazi yake ilikuwa kupima barabara na kusimamia uchoraji wa mistari, kazi ambayo hakuna mtu anayeiona mpaka ikose kufanyika. Katikati ya jiji kwa wakati ule magari yalishapanda juu ya njia za waenda kwa miguu, akina mama na watoto wao walitembea barabarani, na gari la wagonjwa liliwahi kukwama mbele ya kliniki ya macho kwa dakika arobaini kwa sababu mtu mmoja aliegesha, akafunga, akaenda kunyolewa. Siku hiyo marehemu alikuwa pale na kipimo chake mkononi, na alituambia nyumbani kwamba alichokiona usoni mwa dereva wa gari lile hakikuwa hasira, kilikuwa ni kuchoka, na kwamba mji ukishafika mahali pa kuchoka namna hiyo, mistari haiwezi kuusaidia tena.

Ndipo mwaka 1994 halmashauri ilipoamua kuingia ubia na kampuni binafsi kujenga jengo la kwanza la maegesho ya umma, ghorofa sita, katika kiwanja cha jiji kinachotazamana na kliniki hiyo ya macho, jiji likitoa ardhi na kampuni ikitoa mtaji, na marehemu akateuliwa kuwa mwakilishi wa jiji katika ujenzi. Nisieleweke vibaya, dada yetu hakuwa adui wa wawekezaji, aliupenda ule mradi kuliko mtu yeyote aliyekaa mezani, alikuwa akisema jiji lina kiwanja na halina uwezo, kampuni ina uwezo na haina kiwanja, sasa tatizo liko wapi, tuketi tu na kila mtu aseme anachokitaka waziwazi.

Jina la Bi Chaki lilimpata hapo, mwezi Juni 1995, baada ya kampuni kuleta michoro yenye nafasi za kuegesha zilizobanwa ili magari mengi zaidi yaingie kwenye kila ghorofa. Marehemu hakuandika barua, alichukua chaki, akachora nafasi tatu za vipimo vile vile kwenye sakafu ya ua wa halmashauri, akaagiza gari liwekwe kushoto na jingine kulia, kisha akamwomba mkurugenzi wa kampuni, mzee aliyejaaliwa mwili, aingize gari lake katikati na ashuke. Mkurugenzi aliingia vizuri, akafungua mlango, ukafunguka upana wa kitabu, akajaribu upande wa pili, ukawa vile vile, mwishowe ikabidi atolewe kwa mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo huku makarani wote wakiwa madirishani, na marehemu akamwambia kwa heshima zote, "Pole sana mzee, na hapo hujabeba mtoto." Michoro ilibadilishwa wiki ile ile. Na katika waliocheka siku hiyo, aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mhandisi wa kampuni yenyewe, kijana mrefu mwenye miwani aliyetakiwa kununa kwa niaba ya bosi wake, akashindwa, na huyo, ndugu waombolezaji, ndiye shemeji yetu aliyeketi hapa mbele.

Mapenzi yao yalianza kwa ubishi. Walibishana kuhusu nguzo, kuhusu mteremko wa njia ya kupandia, kuhusu taa, wakawa wanabishana wakiwa wamekaa juu ya rundo la matofali wakati wa chakula cha mchana, kila mmoja na kibakuli chake, mpaka mafundi wakaanza kuwaachia rundo hilo kama kwamba ni la kwao, na mwezi Desemba 1996 mhandisi alikuja nyumbani kwetu kujitambulisha, akamkuta mama kwenye cherehani, na mama alipomuuliza amempendea nini binti yake, alijibu, "Mama, huyu ndiye mtu pekee ambaye akiniambia kitu kiko sawa, silazimiki kwenda kukiangalia tena."

Sasa nawaomba mnivumilie, kwa sababu yaliyofuata ndiyo yaliyofanya maisha yake yawe yalivyokuwa. Makubaliano ya ubia yalikuwa kwamba ghorofa tatu za chini ni za umma, kwa mtu yeyote, na tatu za juu kampuni iwapangishe watakao, na marehemu ndiye aliyepigania ghorofa za chini, akijua kwamba wagonjwa wa kliniki ya macho wangetoka pale na bandeji usoni, wameshikwa mkono, na lifti ya jengo ilikuwa moja. Lakini mwezi Januari 1997 alipokwenda kulikagua jengo ili atie saini kwa niaba ya jiji, alikuta vizuizi vya chuma kwenye ghorofa ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ubao ulioandikwa "Kwa wapangaji tu," umma ukiwa umepelekwa juu kabisa, kwenye jua. Alipouliza, mkurugenzi alimwambia kwamba maegesho ni maegesho, juu au chini gari linalala tu, naye akamjibu, "Gari linalala, mzee, lakini mwenye gari anashuka kwa miguu."

Alirudi ofisini kufungua faili, akakuta mkataba haukutaja ghorofa kwa namba, ulisema tu kwamba ni ghorofa zilizoonyeshwa kwenye mchoro ulioambatanishwa, na mchoro wenyewe haukuwepo, pini zilikuwepo, matundu ya pini yalikuwepo, karatasi imeondoka. Mpaka leo hatujui nani aliichomoa, na yeye mwenyewe hakupenda kumshuku mtu bila ushahidi. Mkuu wake wa idara, mtu mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alimsihi akisema, "Dada, tia saini tu, twende zetu nyumbani," marehemu akakataa, na tarehe 10 Februari 1997 akapewa barua ya uhamisho kwenda kitengo cha bustani na makaburi, ambako alikabidhiwa mabuti ya mpira na orodha ya miti ya kupogolewa.

Nakala nyingine ya mchoro ule ilikuwa kwa mchumba wake, aliyeuchora kwa mkono wake, na kila mtu nyumbani alilijua hilo. Mama alimwambia, "Mwanangu, si umuombe tu mwenzako?" na nakumbuka dada alikuwa akisugua tope kwenye yale mabuti, hakuinua kichwa, akasema, "Nikimuomba, mama, nitakuwa nimemwambia achague kati yangu na kazi yake, na mimi simpi mtu ninayempenda mtihani wa namna hiyo." Kwa hiyo akanyamaza, mhandisi naye kwa kutoombwa akadhani amedharauliwa, akanyamaza pia, na kwa wiki nne wachumba hao hawakusemezana hata salamu, dada akisema ana kazi nyingi makaburini, sisi tukimuona anapanga sahani kabatini saa nzima, akizitoa na kuzirudisha. Dada yangu sikuwahi kumuona akilia kabla ya hapo, na hata wakati huo sikumuona, nilimsikia tu, mlango ukiwa umefungwa, saa nane mchana siku ya Jumapili.

Kikao cha wazi cha madiwani cha kuamua kama jengo lipokelewe kama lilivyo kilifanyika Jumanne, tarehe 11 Machi 1997. Marehemu aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, akaja na mabuti yake, akakaa viti vya nyuma vya wananchi, akamsikiliza mkurugenzi akieleza vizuri sana kwamba hakuna hati yoyote inayosema umma ni chini. Mwenyekiti aliuliza, kama ilivyo desturi ya vikao, kama yupo mwenye mchoro huo, na alikuwa ameshageuza ukurasa wake, mtu mrefu akasimama upande wa kampuni, mkononi ana bomba la karatasi, akasema, "Ninao mimi, mheshimiwa. Nimeuchora mwenyewe, na muhuri wa jiji uko kwenye kona." Mkurugenzi akageuka akamuuliza, "Wewe kwani unamfanyia kazi nani?" naye akajibu kwa adabu, "Wewe, mzee, mpaka sasa hivi."

Alikuwa amesema kweli, kwani kabla ya saa sita mchana hakuwa na kazi. Walikutana kwenye ngazi za nje, na haya tunayajua kutoka kwa shemeji mwenyewe, kwamba marehemu alisimama ngazi mbili juu yake ili walingane kimo, akamuuliza kwa ukali, "Nani alikutuma?" akasema hakuna, akamuuliza, "Sasa utakula wapi?" akasema, "Kwako," na dada yetu, mtu wa hoja kwa kila jambo, akamvua miwani, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akamvisha tena.

Vizuizi viling'olewa, marehemu akarudishwa idara yake mwezi Aprili, akatia saini, na jengo likafunguliwa Jumatatu, tarehe 1 Septemba 1997, ambapo hakukaa jukwaani na wageni rasmi, alisimama ghorofa ya kwanza kumuangalia mtu wa kwanza kuegesha, naye alikuwa mwalimu mstaafu aliyemleta mkewe kutolewa mtoto wa jicho, wakashuka, wakavuka barabara wameshikana mikono, basi, akasema imetosha, akaenda kazini.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1997, bwana harusi akiwa hana ajira, na kwa miaka miwili marehemu ndiye aliyekuwa akitoka asubuhi na mumewe akibaki sebuleni akichora ramani za nyumba za watu kwenye meza ya chakula, mpaka meza ikawa ofisi, na ofisi ikawa kampuni yake mnayoijua. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1999, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2002, ambaye anamalizia masomo ya muziki, jambo lililomtia marehemu wasiwasi hadi siku alipomsikia akipiga chombo chake, akauliza tu kama chombo hicho kina pahala pake pa kukaa nyumbani.

Mwaka 2003 aliteuliwa kuongoza kitengo cha miradi ya ubia, na kabla ya kustaafu alisimamia majengo mengine manne ya maegesho, katika kila mkataba ghorofa za umma zikatajwa kwa namba, kwa maneno, na kwa mchoro wenye nakala sita zilizokaa ofisi sita tofauti. Yule mkurugenzi, ambaye kampuni yake ilijenga mawili kati ya hayo, alimfuata mwaka 2005 akamtaka ahamie kwake, akamwambia angefurahi kumuona upande wao wa meza, naye akamjibu, "Upande wenu una viti vizuri, mzee, lakini mgongo wangu umeshazoea huku." Mzee huyo yupo hapa leo, ametangulia kufika kuliko baadhi yetu wa familia, tunamshukuru.

Haitakuwa haki nikimfanya malaika. Alikuwa mgumu wa kusema "nisamehe," alikosa sherehe mbili za shule za binti yake kwa sababu ya kumwaga zege, na binti alimkumbusha kila alipopata nafasi. Mimi mwenyewe, mwaka 2008, nilimuomba anisaidie kupata kibanda mlangoni mwa jengo la tatu, sikuona ubaya, damu yangu ndiyo inayosimamia, akaniambia nijaze fomu kama wengine, nikajaza, nikakosa, nikamnunia miezi minane. Mwezi wa tisa alikuja kwangu na sufuria ya chakula, hakusema kitu kuhusu kibanda, mimi pia sikusema, tukala, akanisaidia kuosha vyombo, akaondoka, na siku hiyo nilielewa kwamba dada yangu ameniomba radhi kwa lugha yake.

Alistaafu tarehe 22 Agosti 2023, akiwa na miaka sitini, na hapo ndipo ilipofichuka kwamba mtu aliyepangia jiji zima mahali pa kuweka magari hakujua kuendesha gari. Alijiandikisha kwenye shule ya udereva, akafeli mtihani mara mbili, mara zote kwenye kuegesha, akamwambia mkaguzi kwamba nafasi ile imepimwa vibaya, mkaguzi akaleta futi, ikapimwa, na kumbe kweli ilipungua. Mara ya tatu alipita, na kwa miezi kumi na moja alimpeleka mumewe kila alikotaka, taratibu sana, shemeji akiwa amefumba macho na kusema anasinzia.

Mnamo Novemba 2024 alianza kuvimba miguu, na tarehe 6 Desemba madaktari wa hospitali kuu walibaini kwamba figo zake zimechoka, akaanza matibabu ya kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, ambayo aliyapokea bila malalamiko, isipokuwa kwamba vitanda vya chumba kile vimepangwa vibaya na wauguzi wanazunguka bure, akawachorea mpango nyuma ya kadi yake ya kliniki, na ndivyo vitanda vilivyo hadi leo. Hali yake ilibadilika tarehe 9 Oktoba mwaka huu, akalazwa, na mumewe akawa naye kila siku tangu wanapofungua hadi wanapofunga.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, aliamka akiwa na nafuu, akamuuliza mumewe kama amekula, akasema amekula, akamwambia, "Muongo wewe, miaka ishirini na minane bado hujajifunza kudanganya, nenda kanywe chai urudi." Shemeji alishuka kwenda kunywa chai, na aliporudi, saa tatu na dakika ishirini, dada yetu alikuwa ameshatutoka, kimya, mkono wake ukiwa mkononi mwa muuguzi wa zamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu waliomvumilia na michoro yake, majirani waliotupikia na kulala nasi sakafuni wiki hii nzima, wafanyakazi wenzake wa halmashauri, mafundi, makarani na wasimamizi wa maegesho ya majengo yote matano, na kila aliyetufariji kwa neno au kwa kukaa tu karibu nasi.

Na mwisho, shemeji, nakuomba uinue uso unisikilize. Tangu Jumatano umekuwa ukituambia kwamba ungechelewa kwenda, kwamba chai ingesubiri, kwamba ulimuacha. Sisi tuliozaliwa naye tunamjua, na mbele ya watu wote hawa tunakuambia hukumuacha, ulitumwa, na alikutuma kwa sababu hakutaka uondoke pale ukiwa na njaa. Baada ya maziko chakula kipo nyumbani, na utakaa katikati yetu, na utakula.

Dada yetu, umefanya kazi yako vizuri, sasa lala, na amani ikukalie.